Ndigana na Skizonti: Historia ya Majina ya Ugonjwa Mmoja wa Ng'ombe katika Bonde la Ufa

Miongoni mwa istilahi za elimu ya chembe hai zilizo ngeni kwa msomaji wa Kiswahili, neno skizonti huenda likawa ndilo geni kupita yote. Halisikiki sokoni wala barazani, na shuleni halitajwi ila kwa wanafunzi wachache wasomao habari za vimelea vya malaria. Hata hivyo, katika nchi ya Nakuru, Njoro, Elmenteita na Naivasha, kitu kinachoitwa kwa neno hilo kimemaliza mazizi ya ng'ombe, kimewafilisi wakulima wakubwa kwa wadogo, kimetungiwa sheria za karantini na majosho, na kimeingia hata katika madai ya ardhi, yote hayo kabla hakijapata jina la Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuchunguza maana ya neno hilo na matumizi yake, na kuliweka kando ya neno la zamani zaidi, ndigana, ambalo wafugaji wamekuwa wakilitumia kuutaja ugonjwa uletwao na kitu hicho hicho. Itaonekana kwamba maneno haya mawili si washindani, kwani kila moja limetokana na kile ambacho mwenye kulitumia aliweza kukiona. Lakini itaonekana pia kwamba mahali yanaposhindwa kukutana, ng'ombe hutibiwa kwa dawa isiyo yake.

Kitu chenyewe

Yafaa kwanza kueleza kitu, ndipo jina. Kimelea kiitwacho Theileria parva huletwa na kupe wa kahawia apendaye kukaa masikioni mwa ng'ombe. Kupe huyo hamwambukizi ng'ombe mara tu anapouma. Sharti anyonye damu kwa siku kadhaa, kiasi cha tatu au nne, ndipo vijidudu vilivyomo katika tezi zake za mate vikomae na kuingia katika mwili wa mnyama. Ndiyo sababu majosho ya zamani yalifuata ratiba ya siku tatu au siku tano: ilikusudiwa kupe afe kabla mate yake hayajawa sumu.

Vijidudu vikishaingia, haviendi kwanza katika chembe nyekundu za damu kama wafanyavyo ndugu zao wengi. Huingia katika limfosaiti, yaani aina ya chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na huko ndani hukua kuwa donge moja lenye viini vingi. Donge hilo ndilo skizonti. Mwuguzi wa mifugo akichoma sindano katika tezi iliyovimba, akapaka majimaji yake juu ya kioo na kuyatia rangi ya Giemsa, ataona chini ya hadubini ndani ya chembe nyeupe vidonge vya buluu vilivyotapakaa nukta za rangi ya zambarau. Buluu ni utomvu wa kimelea. Nukta ni viini vyake. Waganga wa mifugo waliofunzwa kwa Kiingereza walizoea kuviita kwa jina la Robert Koch na kwa rangi yake ya buluu, na jina hilo lilidumu katika maabara na mashambani hata baada ya istilahi ya kitaalamu kupatikana.

Istilahi hiyo ya kitaalamu imetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kupasua au kuchana. Skizonti basi ni "kinachojipasua". Ililetwa katika ugonjwa huu kutoka katika utafiti wa malaria, ambako kimelea hukua na kujigawa vipande vingi ndani ya ini na ndani ya chembe nyekundu, kisha chembe ikapasuka na vipande vikatoka. Mjerumani Richard Gonder, aliyefanya kazi Afrika Kusini mnamo 1910, ndiye aliyevieleza vidonge vya Koch kuwa ni hatua ya namna hiyo katika maisha ya Theileria, na tangu hapo jina likashika.

Lakini jina hili, kama ilivyo kwa majina mengi yaliyoazimwa, lina nusu ya ukweli tu. Mwaka 1964 watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, walitoa matokeo ya kuotesha chembe zilizoambukizwa ndani ya chupa, wakaonyesha jambo la ajabu. Skizonti ya Theileria haingoji kujaa na kupasua nyumba yake. Chembe nyeupe inapojigawa mara mbili, skizonti hujishikiza kwenye nyuzi zile zile zinazovuta viini vya chembe kwenda pande mbili, nayo ikavutwa na kukatwa pamoja nazo. Kila chembe mpya huzaliwa ikiwa tayari imerithi kipande chake. Zaidi ya hayo, kimelea huilazimisha chembe iendelee kujigawa bila kukoma, kama chembe ya saratani. Kimelea kikiuawa kwa dawa, chembe huacha kuzaana. Kwa hiyo kile kinachoitwa "kinachojipasua" kwa kweli hupasuliwa. Mwenye kupasua ni mwenyeji wake. Mtu anayetaka kulitafsiri neno hili kwa Kiswahili hana budi kulikumbuka jambo hilo, maana tafsiri ya shina la Kiyunani ingempa msomaji picha isiyo sahihi.

Ni vyema kuongeza hapa kwamba uvimbe wa tezi, ambao ndio dalili ya kwanza iliyo wazi, hutokana na kuzaana huko. Kupe akiwa sikioni, tezi ya chini ya sikio ndiyo ivimbayo kwanza. Kisha tezi ya mbele ya bega. Kisha homa, kupumua kwa taabu, na mwishoni povu jeupe puani, kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Ng'ombe wa kigeni asiye na kinga aghalabu hafiki mwezi mmoja baada ya kuumwa na kupe.

Majina ya mahali

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897, wakati wa utawala wa Wajerumani, akaona katika damu ya ng'ombe wa pwani vijidudu vidogo mno. Alidhani ni hatua mojawapo ya ugonjwa wa mkojo damu uliokuwa ukijulikana tayari huko Marekani. Alikuwa amekosea, na kosa hilo lilikuwa na gharama. Mwaka 1901 ng'ombe walisafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki hadi bandari ya Beira, wakapelekwa bara, Rhodesia, kujaza mahali pa wale waliokwisha kwa sotoka na vita. Muda si muda, ng'ombe wa huko wakaanza kufa kwa ugonjwa uliofanana na mkojo damu lakini usiokuwa na mkojo wa damu. Koch akaitwa Bulawayo mwaka 1903, akakiri kuwa huu ni ugonjwa mwingine, akaupa jina la pwani ya Afrika. Mwaka uliofuata, 1904, Arnold Theiler alikitenga kimelea chake na kukiita parvum, yaani kidogo. Charles Lounsbury naye akathibitisha kuwa mwenezi ni kupe wa masikio. Jina la jumla Theileria lilitungwa mwaka 1907 kwa heshima ya Theiler.

Hivyo ndivyo ugonjwa ulivyopata jina la Kiingereza linalomaanisha "Homa ya Pwani ya Mashariki". Jina hili lilitungwa na watu wa kusini, waliojua tu kwamba balaa lilipanda meli upande wa mashariki. Lilipoletwa Kenya na maofisa wa serikali na masetla, likawa jina lisilo na dira. Mfugaji wa Njoro akiambiwa kuwa ndama wake ana homa ya pwani, ana haki ya kuuliza ni pwani ipi, maana ndama hajavuka hata mto. Kwa msemaji wa Kiswahili ni kichekesho zaidi: pwani inayotajwa ni pwani yake mwenyewe, na jina linamtupia lawama ya ugonjwa ambao wafugaji wa bara waliujua kwa majina yao wenyewe.

Desturi ya kuyapa magonjwa majina ya mahali imeiandama sana nchi hii ya Bonde la Ufa ya kati. Homa ya Bonde la Ufa ilielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na kondoo waliokufa mwaka 1930 katika shamba lililo karibu na Ziwa Naivasha, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1931. Leo jina hilo hutajwa hata mahali ambapo hakuna bonde wala ufa, kama Misri na Saudi Arabia. Mji wa Nakuru wenyewe ulitoa jina la ugonjwa wa kudhoofika kwa mifugo, Nakuruitis, ambao baadaye ulijulikana kuwa si maambukizi bali ni ukosefu wa kobalti katika malisho. Lord Delamere, aliyepewa ekari 100,000 huko Njoro mwaka 1903, aliona mifugo yake ikipukutika kwa ukosefu wa madini na kwa magonjwa ya kuambukiza pamoja, hata akaihamishia Soysambu kando ya Ziwa Elmenteita. Majina ya mahali huhifadhi kumbukumbu ya nani alipata hasara mwanzo, au tuseme nani mwenye kalamu alipata hasara mwanzo. Hayasemi lolote juu ya ugonjwa wenyewe.

Neno la wafugaji

Wamaasai huuita ugonjwa huu oltikana. Neno hilo hutumika pia kwa homa ya binadamu, yaani malaria, na jambo hili limewafanya baadhi ya wageni kudhani kuwa ni neno la ovyo lisilo na mipaka. Haielekei kuwa hivyo. Ugonjwa wa ng'ombe na ugonjwa wa mtu vyote ni homa kali zinazoandamana na mahali na majira fulani, na ajabu ni kwamba elimu ya leo imeviweka vimelea vyote viwili katika ukoo mmoja. Mfugaji hakuwa na hadubini, lakini mgawanyo wake haukuwa mbali na ule wa hadubini.

Kufanana kwa oltikana na ndigana ya Kiswahili hakuwezi kuwa kwa bahati. Kiambishi ol- katika Kimaasai ni alama ya jinsi ya kiume, nacho hudondoka neno linapoingia lugha nyingine. Kinachobaki ni tikana. Sasa, kama Kiswahili kingalilichukua neno hili moja kwa moja na kuliingiza katika ngeli ya N, lingalibaki na t yake, kwa kuwa katika Kiswahili nasali ya ngeli hiyo humezwa mbele ya t na k. Katika Kikuyu na katika lugha nyingine kadhaa za Kibantu za bara mambo ni kinyume: nasali hubaki, na t inayoifuata hugeuka d. Na k ya Kimaasai ikiwa kati ya irabu mbili hutamkwa kwa ulaini, karibu na gh, sauti ambayo Kikuyu huiandika g. Tikana hugeuka ndigana kwa kanuni hizo mbili bila kulazimishwa. Inaelekea basi kwamba neno lilipita kwanza katika kinywa cha majirani wa Kibantu wa Wamaasai, waliobadilishana nao mifugo na wake kwa vizazi vingi, ndipo likafika katika Kiswahili likiwa limekwisha kuvaa nguo mpya.

Ili kufahamu uzito wa neno hili kwa wenyewe, ni lazima kurudi katika miaka ya 1904 hadi 1913. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa ya kati, yaani Naivasha, Elmenteita, Nakuru na sehemu za jirani, kwa sababu reli ilikuwa imepita na serikali ilitaka nchi hiyo kwa masetla. Baadhi walipelekwa Laikipia kaskazini, wengine kusini. Kwa mkataba wa pili, wa 1911, na wa Laikipia nao wakatakiwa kuhama kwenda kusini, na uhamisho huo ukamalizika mwaka 1913. Mwaka huo huo kesi waliyoifungua kupinga uhamisho ilitupwa kwa hoja ya kisheria kwamba mikataba ile ilikuwa kama ya dola na dola, kwa hiyo mahakama haikuwa na mamlaka juu yake.

Wengi wanapoisimulia habari hii hutaja ukubwa wa ardhi na maji. Mwanahistoria Lotte Hughes, aliyechapisha utafiti wake mwaka 2006, ameonyesha kwamba katika kumbukumbu za Wamaasai ugonjwa una nafasi kubwa vilevile, na hasa oltikana. Nchi ya juu ya kaskazini ilikumbukwa kuwa nchi safi. Nchi ya kusini, kuwa nchi yenye oltikana. Madai hayo yaliweza kuonekana kama manung'uniko ya watu wasiotaka kuhama. Elimu ya skizonti inayapa maana iliyo wazi kabisa. Mahali ambapo kupe wa masikio ni wengi mwaka mzima, ndama huambukizwa wakiwa wadogo. Wengine hufa, na wanaopona hupata kinga ya kudumu, hata kundi lote la wakubwa likaonekana kana kwamba halina ugonjwa. Mahali ambapo kupe ni haba, ng'ombe hukua bila ugonjwa na bila kinga. Ukiwahamisha ng'ombe wa namna hii ya pili na kuwapeleka katika nchi ya namna ya kwanza, hawafi ndama peke yao. Hufa na fahali na majike wenye maziwa. Mtu anayesema "huku kuna oltikana, kule hakukuwa" alikuwa akisema jambo linaloweza kupimwa. Kwa bahati mbaya alilisema kwa lugha ambayo mwenye kuamua hakuisoma.

Kali na baridi

Kiswahili hakikulichukua neno na kuliacha lilivyo. Katika Kiswahili cha wafugaji na maofisa wa mifugo, hasa Tanzania, ndigana imegawanywa mara mbili: ndigana kali ni ugonjwa wa Theileria, na ndigana baridi ni ugonjwa wa anaplazma, ambao nao huenezwa na kupe. Mgawanyo huu unastahili kutazamwa kwa makini, maana ni kazi ya istilahi iliyofanywa bila kamati.

Kwa kawaida kinyume cha kali si baridi. Kinyume cha kali ni -pole, na kinyume cha baridi ni moto. Wala haiwezekani kusema kuwa ndigana baridi ni ugonjwa usio na homa, kwa kuwa mnyama mwenye anaplazma huwa na homa pia. Lakini iko jozi nyingine katika Kiswahili ambamo maneno haya mawili hukaa uso kwa uso: vinywaji vikali na vinywaji baridi. Hapo kali si kiasi cha joto, bali ni nguvu na haraka ya kumwangusha mtu. Na baridi ni kile kisichokuwa na nguvu hiyo. Ndivyo ilivyo kwa ndigana. Moja huua kwa kasi, kwa povu na kwa kukosa pumzi. Nyingine mara nyingi hukokota: mnyama hukondeana, hukosa choo au hutoa choo kigumu, utando wa macho na ufizi hupauka kisha huwa wa manjano. Jina limeshika mwendo wa ugonjwa, si kipimo cha joto.

Chini ya hadubini tofauti ni kubwa kupita jina. Anaplazma, iliyoelezwa na Theiler mwaka 1910, ni nukta tu iliyo pembeni mwa chembe nyekundu. Kwa sababu haikuonekana kuwa na utomvu wowote kuizunguka, Theiler aliipa jina la Kiyunani lenye maana ya "isiyo na plazma". Leo hujulikana kuwa ni bakteria. Haimo katika ukoo wa Theileria hata kidogo, haikai katika chembe nyeupe, na haina skizonti. Hapa ndipo istilahi hii ngeni inapopata kazi yake yote: penye skizonti katika tezi ni ndigana kali, penye nukta pembeni mwa chembe nyekundu ni ndigana baridi. Chuma cha moto ambacho wafugaji wengi walizoea kuchomea tezi zilizovimba, na sindano ya mganga wa mifugo, vyote viwili huelekezwa mahali pamoja, chini ya sikio. Tofauti ni kwamba sindano hurudi na habari.

Nakuru

Mgawanyo wa kali na baridi haukushika sawasawa kila mahali. Nakuru ni mji uliozaliwa na reli, na tangu mwanzo wake umekuwa njia panda ya lugha. Wakikuyu walifika mashambani mwa masetla kama vibarua na maskwota tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, pamoja na wasemaji wa lugha za Kikalenjin, Waluo, Waluhya na wengineo. Na baada ya miaka ya 1960, mashamba makubwa yalipogawanywa, maelfu ya watu walipata vipande na kuanza kufuga ng'ombe wa maziwa wenye asili ya Ulaya. Ng'ombe hao hawana kinga ya kuzaliwa nayo kama zebu, na uhai wa familia nzima huweza kutegemea majike wawili tu.

Ndani ya mchanganyiko huo ndigana ina maana mbili. Wasemaji wengi wa Kikuyu hulitumia neno hili bila sifa yoyote kwa ugonjwa wa anaplazma, na ugonjwa wa Theileria huuita kwa neno jingine, ngai. Jirani yao Mmaasai anaposikia ndigana husikia oltikana yake, yaani Theileria. Ofisa aliyesoma vitabu vya Tanzania hungoja asikie kama ni kali au baridi. Neno lililotoka kwa Mmaasai, likapita kwa Mkikuyu, likarudi Bonde la Ufa likiwa na maana nyingine: hiyo ndiyo historia yake kwa ufupi, na wanaisimu wanayo mifano mingi ya safari kama hiyo. Lakini mifano mingi haigharimu chochote. Huu unagharimu.

Kwani dawa si moja. Ugonjwa wa anaplazma hutibiwa kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini au kwa imidokabu. Skizonti za Theileria, zikishaenea na mnyama akishaonyesha dalili, hazishindwi kwa tetrasaiklini; zahitaji dawa nyingine, kama pavakwoni na buparvakwoni, zilizopatikana katika miaka ya 1980, ambazo bei yake ni kubwa na ambazo hufaa zaidi zikitolewa mapema. Mfugaji aendaye dukani na kusema kwa ufupi "ng'ombe wangu ana ndigana" ameuliza swali lenye majibu mawili. Mwenye duka, kulingana na lugha ya nyumbani kwake, huenda akatoa tetrasaiklini, iliyo rahisi na iliyo tele. Ikiwa ugonjwa ni ule wa kali, siku mbili tatu zitapita kwa matumaini, na siku hizo ndizo zilizokuwa za kuokoa.

Kosa hili lina kivuli kimoja kinacholifanya liwe gumu kung'oka. Chanjo iliyobuniwa Muguga katika miaka ya 1970 hutolewa kwa kumwambukiza ng'ombe kwa makusudi, akichomwa vijidudu hai vilivyotolewa katika kupe waliosagwa na kuhifadhiwa katika naitrojeni iliyo baridi kali, na wakati huo huo akichomwa tetrasaiklini ya kudumu. Dawa hiyo ikitangulia pamoja na vijidudu hupunguza nguvu ya maambukizi, na mnyama hupona akiwa na kinga. Mfugaji aliyeona chupa ya tetrasaiklini mkononi mwa mchanjaji hana kosa akifikiri kuwa hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa. Tofauti iko katika siku: siku ya kwanza dawa hukuta vijidudu vichanga, wiki mbili baadaye hukuta skizonti. Kaskazini mwa Tanzania, ambako wafugaji wa Kimaasai waliipokea chanjo hii kwa wingi tangu mwisho wa miaka ya 1990, huitwa kwa Kiswahili chanjo ya ndigana kali, na jina hilo limesaidia kulitia neno kali mahali pake.

Juu ya kulitia neno katika Kiswahili

Sayansi katika shule za Kenya imefundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo haja ya neno la Kiswahili kwa skizonti haijasukumwa na darasa. Imesukumwa na zizi. Ofisa wa mifugo akimweleza mfugaji matokeo ya maabara, atasema nini?

Njia ya kwanza ni kutafsiri jina la Koch neno kwa neno, likawa "miili ya buluu ya Koch". Hii haifai. Mwili kwa Kiswahili ni kiwiliwili kizima cha kiumbe, na wingi wake, miili, aghalabu hutajwa penye msiba. Msikilizaji atadhani bwana huyo alikuwa na miili mingi. "Vidonge vya Koch" ni afadhali, ingawa dukani kidonge ni dawa, na kuita ugonjwa kwa jina la dawa ni kutafuta matata.

Njia ya pili ni kulitafsiri shina la Kiyunani, tukapata kitu kama "kijipasuacho". Imekwisha kuonyeshwa juu kwamba Theileria haijipasui. Neno hilo lingefaa malaria, lakini hapa lingedanganya.

Njia ya tatu ni kueleza kwa maneno ya kawaida. Kiswahili kinacho akiba ya kutosha: chembe, kiini, utando, tezi, kimelea. Kinacho hata mtoki, neno la uvimbe wa tezi za kinena au kwapa kwa binadamu, ambalo mwenye kusikia ataelewa mara moja likihamishiwa chini ya sikio la ng'ombe. Yapo matatizo madogo. Kiini ni moyo wa yai na ni sababu ya jambo pia. Chembe ni punje ya kitu chochote. Na seli, ambayo imekuwa ikichukua mahali pa chembe katika maandishi ya sayansi, kwa watu wengi bado ni chumba cha polisi. Matatizo haya si makubwa, kwa kuwa maneno huelewana na jirani zake. Hakuna aliyewahi kudhani kuwa limfosaiti imefungwa kwa kukosa dhamana.

Maelezo marefu hufaa mazungumzo lakini hayafai hati ya maabara, ambako nafasi ni ya neno moja. Kwa hati, skizonti iliyoandikwa kwa sauti za Kiswahili inatosha, mradi isiachwe peke yake bali iambatane na jina la ugonjwa lenye sifa yake, kali au baridi. Kamusi zikilichukua, maingizo yake yangeweza kuwa kama ifuatavyo:

Ndigana nm [i-/zi-] ugonjwa wa ng'ombe uenezwao na kupe. ~ kali: ule wa Theileria, wenye uvimbe wa tezi, homa na povu puani. ~ baridi: ule wa anaplazma, wenye kupauka na umanjano wa utando wa macho. Tanbihi: katika Kenya ya kati na Nakuru neno hili bila sifa mara nyingi huwa na maana ya ndigana baridi. (Taz. Kmaasai oltikana.)

Skizonti nm [i-/zi-] donge la kimelea lenye viini vingi likaalo ndani ya chembe. Katika ndigana kali huonekana ndani ya chembe nyeupe za majimaji ya tezi, likiwa la buluu kwa rangi ya Giemsa, nalo hugawanywa pamoja na chembe iliyolibeba. Katika ndigana baridi halipo.